KUMWACHIA MUNGU

Hapa Kilwa na Lindi mgonjwa akizidiwa twasema, "Tumwachie Mungu." Neno hilo ni la imani, wala hatulipingi. Lakini kumbe, mara nyingi tumemwacha mgonjwa wetu augue kwa maumivu usiku kucha! Mofini ya kunywa hutuliza maumivu ya saratani. Taasisi ya Ocean Road i Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Kivinje. Mtu wa siku za mwisho haifai kubebwa hata huko. Serikali iliyotunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 twaiomba ihakikishe dawa hiyo haikosekani katika hospitali za wilaya. Nasi tuwaulize wazee wetu mapema wapendapo kuuguzwa. Ajali haina kinga, bali maumivu yana dawa.