Masomo ya ushirika yatufikie na sisi wanachama

Mimi ni mwanachama wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ya kahawa huku Kilimanjaro, mkoa wenye chama kikuu cha ushirika cha KNCU tangu 1933 na chuo cha ushirika Moshi tangu 1963. Elimu ilikuwa jirani, ila semina zilikuwa za viongozi tu. Mwaka jana binti yangu alinipakulia kwenye simu somo la sauti la kusoma mizania, nikalisikiliza huku napalilia, nikalirudia mara tatu. Kwenye mkutano mkuu nikauliza makato ya kila kilo yamekwenda wapi. Mwenyekiti alifungua daftari akatusomea wote. Waandaaji wa masomo, tunaomba yawe ya Kiswahili, ya sauti, mafupi, yaingie kwenye memori kadi. Bando ni ghali, na wengi wetu tunatumia simu za kitochi.