Jeki Huinua, Haishikilii

Jumamosi moja mume wangu alirudi na jeki mpya ya magurudumu, anatabasamu utadhani kanunua kiwanja. Vitz yetu imeshushwa, na siku hiyo tairi lilikuwa na pancha. Jeki haikuingia! Tukabaki tunatazamana.

Wapenzi wasomaji, kabla ya kulipa pima kwa rula kutoka ardhini hadi pale jeki inapokaa, upepo ukiwa umeisha. Jeki nyingi za kawaida zikishushwa kabisa hubaki na kimo cha sentimita 13 hivi. Gari la chini linataka isiyozidi 9. Uwezo wa tani 2 unatosha.

Egesha kwenye sakafu ngumu, tambarare. Vuta hendibreki, zuia tairi la upande wa pili kwa jiwe, legeza nati kwanza, ndipo uinue.

Basi akaazima ya jirani, akainua, halafu huyoo, kichwa chini ya gari! Nilipiga kelele. Sili ikivuja, gari linashuka. Stendi ndiyo inayoshikilia. Jumatatu tulibadilisha jeki, tukaongeza stendi mbili. Gharama ndogo kuliko kuwa mjane.