Ngome ya Simbamwene na Jirani Yake Mazimbu

Ndugu msomaji, likizo inapokaribia, baba na mama huketi wakapiga hesabu ya nauli. Likitajwa jumba la kifalme, mawazo ya wengi wetu huvuka bahari hadi Unguja, kwenye Beit al-Ajaib aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, au kwenye magofu ya Maruhubi, yenye nguzo zake na bustani ya miembe. Ni ziara njema. Lakini wewe upitaye Morogoro yafaa ujue kwamba chini ya Milima ya Uluguru napo palikuwa na makao ya mtawala yaliyowastaajabisha wapita njia.

Mji huo uliitwa Simbamwene. Aliyeujenga ni Kisabengo, Mzigua aliyejipatia wafuasi miongoni mwa watumwa waliotoroka mabwana zao. Aliukimbia mkono wa Sultani wa Zanzibar, akafika nchi ya Wakami na kuitwaa kwa nguvu. Uzeeni alijiita kwa jina la mji wake, kisha akamwachia binti yake mkubwa jina hilo pamoja na utawala.

Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871. Alikuta ngome ya mawe, mnara katika kila pembe, na malango manne yaliyoelekea pande nne za dunia. Milango yake ilikuwa ya mbao ngumu, iliyotiwa nakshi za Kiarabu. Alikisia kuwa ndani mlikuwa na nyumba zipatazo elfu moja. Misafara iliyokwenda bara ilitozwa hongo na malkia, binti wa Kisabengo.

Hapo ndipo hatuna budi kutua na kufikiri. Watu waliokimbia minyororo walipata kiongozi, naye kiongozi huyo, kwa habari zilizoandikwa wakati ule, akawa mteka watu. Aliyeonja uchungu wa kuwindwa akawawinda wengine. Kuta zile ndefu zilikuwa fahari, lakini pia zilikuwa ungamo la hofu: asiyekaa vizuri na majirani hulala nyuma ya mawe.

Wala mawe hayakutosha. Mwaka 1872 Stanley aliporejea kutoka kuonana na Livingstone, alikuta mto alioutaja kwa jina la Ungerengeri umefurika na kuusomba ukuta wote wa mbele, pamoja na nyumba zipatazo hamsini.

Sasa geuza uso, utazame Mazimbu, pembeni mwa mji huohuo wa Morogoro. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Kisabengo, wakimbizi wengine walifika bonde hili: vijana wa Afrika Kusini waliotoroka ubaguzi wa rangi. Hao hawakutwaa kitu. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, nao chini ya chama chao cha ANC wakajenga shule, mabweni, hospitali na karakana, wakalima na kufuga. Chuo wakakipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992, njia ya kurudi kwao ilipofunguka, waliyakabidhi majengo kwa wenyeji. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wanafunzi wetu wanasoma humo. Wale waliofariki kabla ya kuiona nchi yao ikiwa huru wamelala katika makaburi ya hapohapo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bonde moja limepokea wageni wa namna mbili, wote wakiwa wakimbizi. Mmoja alikuja na ngome, mwenyeji akaumia. Mwingine alikuja na matofali ya shule, mwenyeji akapona.

Kwa hiyo, mzazi, ukiwapeleka watoto Morogoro, usitegemee kuyakuta malango yale yenye nakshi. Waonyeshe mlima, waonyeshe mto, wasimulie habari za Simbamwene na malkia wake bila kuficha fahari yake wala machozi yake. Kisha wapeleke Mazimbu, wasome majina makaburini. Jioni waulize swali moja tu: kati ya wajenzi hawa wawili, ni yupi wangependa awe jirani yao? Majibu yao yatakuambia kama nauli yako imekwenda bure.