Butembo na Beni: kijana asifukuzwe kabla ya kujaribiwa nafasi nyingine

Katika viwanja vingi vya vumbi vya Butembo na Beni, kazi ya kugawa nafasi kwa watoto wanaoanza mpira huchukua dakika tano. Mrefu anapelekwa nyuma. Mwenye mbio anawekwa pembeni. Anayejua kupiga chenga anapewa namba kumi. Aliyechelewa kufika, au asiye na viatu, anasimama golini. Miaka mitano baadaye wengi wao bado wako palepale walipowekwa siku ile. Wale ambao nafasi hiyo haikuwafaa wamekwisha kuambiwa kwamba hawajui mpira, na wamerudi nyumbani.

Hapo ndipo timu za miji hii miwili zinapoteza wachezaji bila kujua. Kijana aliyeshindwa kuwa mshambuliaji anaweza kuwa mlinzi bora wa mji mzima. Kocha anayemfukuza bila kumjaribu penginepo anatupa mali ambayo hana fedha ya kuinunua tena.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni mtoto wa Kongo. Claude Makelele alizaliwa Kinshasa mwaka 1973 na kukulia Ufaransa. Alipokuwa Nantes, timu iliyotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1995, alikuwa mchezaji wa upande wa kulia, mtu wa kukimbia na mpira kwenda mbele. Baadaye alirudishwa katikati, mbele ya walinzi. Kazi yake mpya ilikuwa kunyang'anya mpira, kumpa mwenzake aliye karibu, kisha kuziba tena tundu. Kwa kazi hiyo alitwaa kombe la mabingwa wa Ulaya akiwa na Real Madrid mwaka 2002, na ubingwa wa Uingereza akiwa na Chelsea mwaka 2005 na 2006. Mwaka huo wa 2006 alicheza fainali ya Kombe la Dunia. Leo makocha wa nchi nyingi wanaita nafasi ile kwa jina lake. Kama angebaki pembeni, huenda angekumbukwa kama winga mzuri miongoni mwa wengi.

José Bosingwa, mzaliwa mwingine wa Kongo, alikuwa kiungo kabla ya kufanywa mlinzi wa kulia kule Porto. Akiwa katika nafasi hiyo alianza fainali ya mabingwa wa Ulaya ya mwaka 2012, ambayo Chelsea ilishinda. Na Arsenal iliyomaliza michezo 38 ya ligi ya Uingereza bila kushindwa hata mara moja, msimu wa 2003-2004, ilikuwa na Waafrika wawili katika safu ya nyuma ambao hawakuletwa pale kama walinzi. Lauren wa Cameroon alikuwa kiungo wa pembeni, naye Kolo Touré wa Côte d'Ivoire alikuwa ametumika huku na huku kabla ya kutulizwa katikati ya ulinzi. Kocha wao, Arsène Wenger, hakwenda sokoni kila alipokosa mlinzi. Aliangalia kwanza wale aliokuwa nao.

Makocha hao waliona nini? Hawakuangalia mguu peke yake. Waliangalia pia ni wapi uwanjani mchezaji anapata nafasi ya kutumia kile anachokijua. Winga ana mstari wa pembeni mgongoni, hivyo hatari inamjia kutoka upande mmoja tu. Kiungo wa kati anazungukwa pande zote, na lazima ajue kilicho nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Mlinzi wa kati anauona mchezo wote mbele ya macho yake. Kijana mwenye akili ya mpira lakini mzito wa kugeuka anaweza kuteseka akiwa kiungo, halafu akapumua akirudishwa hatua ishirini nyuma.

Vivyo hivyo kwa winga mwenye pumzi nyingi ambaye hajui kumpita mtu akiwa amesimama. Mbele ya lango anaonekana bure. Akiwa mlinzi wa pembeni anaupata mpira akiwa tayari mbioni, na pumzi yake inakuwa silaha. Mshambuliaji mrefu anayeshinda mipira ya kichwa lakini anakosa mabao anajua tayari jinsi washambuliaji wanavyofikiri, na ujuzi huo una thamani kubwa kwa mlinzi wa kati. Namba kumi anayeona pasi ya mbali lakini anasukumwa kirahisi anaweza kurudi chini kidogo, mahali anapopata muda wa kuinua kichwa.

Kwa Butembo na Beni, jambo hili lina uzito kuliko kwa miji mingine. TP Mazembe ya Lubumbashi inaweza kutafuta mlinzi wa kushoto katika nchi jirani na kumlipa. Timu ya Bulengera au ya Mulekera haiwezi. Tangu Goma na Bukavu ziangukie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, hata kumtafuta mchezaji katika miji hiyo, jambo lililokuwa la kawaida, limekuwa gumu. Upande wa Beni, mauaji ya ADF yamefanya safari nyingi kuwa kamari. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita zipatazo 54 tu, lakini kila kiongozi wa timu anajua hesabu anayoifanya kabla ya kupakia vijana kwenye gari. Wachezaji waliopo ndio hao. Butembo imekwisha kuona AS Nyuki yake ikicheza Linafoot, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba eneo hili halina vipaji.

Tena hapa mpira unabeba zaidi ya mpira. Kijana wa miaka 17 anayefukuzwa kwenye timu haendi kwenye kituo kingine cha michezo, kwa kuwa mara nyingi hakipo. Anakwenda kwenye pikipiki, kwenye machimbo, au kwenye kikao cha watu wanaotafuta wa kuwashikisha bunduki. Si kila anayeacha mpira anapotea, na si kazi ya kocha kuziba kila pengo la serikali. Lakini mazoezi ya saa kumi jioni ni mojawapo ya mambo machache yanayompa kijana sababu ya kuwa mahali fulani, pamoja na wenzake, mbele ya mtu mzima anayemjua jina.

Wako makocha wanaopinga, na hoja yao haifai kudharauliwa. Wanasema mchezaji anayezungushwa kila wiki anajua kila nafasi kidogo na hatawali hata moja. Mwishowe anakuwa kiraka: leo anaziba huku, kesho kule, na siku wote wakiwa wazima anakaa kwenye benchi. Ni kweli. Tena kuna kubadilisha kubaya zaidi, kule kwa adhabu. Mshambuliaji amekosa penalti, Jumapili inayofuata anajikuta mlinzi wa kushoto bila kuambiwa sababu. Huyo hajasaidiwa, ameaibishwa.

Dawa ya hayo ni utaratibu, na utaratibu haudai fedha. Kwanza, kocha amwite kijana pembeni na kumweleza alichokiona kwake: «Wewe unasoma mchezo mapema, ndiyo sababu nakutaka nyuma.» Kijana akielewa kwamba anahamishwa kwa sababu ya nguvu yake, hatahesabu kwamba ameshushwa. Pili, ajaribiwe mazoezini na katika michezo ya kirafiki kabla ya mchezo wa mashindano ya mji. Tatu, apewe muda. Thierry Henry alipofika Arsenal mwaka 1999 alikuwa ametoka Juventus, ambako alichezeshwa pembeni. Wenger alimfanya mshambuliaji wa kati, naye akamaliza michezo minane ya kwanza bila bao. Kama Wenger angewasikiliza wenye haraka, mabao 228 ya Henry kwa Arsenal yasingekuwapo.

Haraka hiyo ipo sana kwenye viwanja vya hapa. Mlinzi mpya akikosea mara moja, mashabiki wanapiga kelele wakitaka arudi mbele, na viongozi waliotoa fedha ya jezi wanamfuata kocha wakati wa mapumziko. Wazazi nao wanataka kumwona mtoto akifunga, kwani wanaamini kwamba mfungaji ndiye anayeonwa na wanunuzi. Novemba 2025 iliwapa jibu. Chancel Mbemba, mlinzi, ndiye aliyefunga bao lililoitoa Cameroon kule Rabat dakika za mwisho kabisa, na siku tatu baadaye ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoitoa Nigeria. Nchi nzima iliimba jina la mlinzi.

Kwa watoto wadogo, jambo linapaswa kuwa rahisi zaidi. Kabla ya miaka 13 au 14 hakuna anayeweza kujua mwili wa mtoto utakuwaje. Mrefu wa leo anaweza kupitwa na wenzake wote baada ya miaka miwili. Mtoto wa umri huo acheze nyuma, katikati na mbele, na hata golini ajaribu. Viongozi wa mpira wa miji hii miwili wangeweza kuweka sharti hilo katika mashindano ya watoto: kila mmoja acheze walau nafasi mbili kabla msimu haujaisha. Sharti kama hilo halihitaji uwanja mpya wala mdhamini.

Na kwa wale wakubwa, kabla kocha hajamwambia kijana arudishe jezi, ajiulize ni nafasi ngapi amemjaribu, na kwa wiki ngapi. Kama jibu ni moja tu, ile ya siku ya kwanza, basi hajajua bado kama kijana huyo anaweza mpira au la. Amsubiri kwanza, amsogeze, amwangalie tena.