Mfuko umepigwa marufuku, plastiki imebaki

Juni 1, 2019 Serikali ya CCM ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara. Zanzibar walikwishatangulia tangu 2006. Hatukupinga, wala hatupingi. Aliyeona mitaro ya Jangwani ikitapika rambo siku ya mvua hahitaji semina.

Tunachohoji ni kilichofuata. Kanuni zilisema anayekutwa na mfuko alipe faini ya Sh 30,000 hadi 200,000, au jela isiyozidi siku saba, au vyote viwili. Mwenye kiwanda na mwagizaji, Sh milioni 20 hadi bilioni moja. Kwenye karatasi ni haki tupu. Lakini mgambo njia ya kiwandani haijui, anayoijua ni ya Kariakoo, kwa machinga.

Halafu tukaletewa "mfuko mbadala", ule laini kama kitambaa. Kitambaa gani? Ni plastiki ile ile, polipropilini, imebanwa kwa joto. Ukiutumia mara mia ni akiba. Ukiutupa jioni hiyo hiyo ni rambo iliyovaa suti, tena ile ya zamani ilikuwa bure na hii tunailipia! Na nyanya za sokoni bado zinafungwa kwenye nailoni isiyo na vishikio, kana kwamba kukosa vishikio kunaifanya ioze.

Nanyi vijana, tuambizane ukweli. Kikapu cha ukindu kipo, wanakisuka mama zetu wa Pwani, na kikichakaa kinaoza. Mbona mnaona haya kukishika? Eti ni cha wanawake! Mtu anaishi geto peke yake, anajisongea ugali mwenyewe, kikapu kinamtia aibu, ila kununua mfuko mpya kila jioni hakumtii aibu. Pesa ya kikapu inakwenda kwa msukaji na mchuuzi wake. Ya mfuko inakwenda kwa nani?

Kwa wakubwa tuna dai moja. Soda ya chupa ya kioo mnaijua: huondoki dukani bila kurudisha chupa, kwa sababu chupa ina mwenyewe. Ya plastiki ikishanywewa haina mwenyewe, mpaka aiokote kijana na kuiuza kwa kilo kwa bei anayopangiwa. Wenye viwanda nao waweke amana kwenye kila chupa ya plastiki, na anayeirudisha alipwe. Bunge litunge sheria hiyo, kisha tuone mgambo watatumwa wapi.