Bei ya zahabu inasogeza mpaka wa kilima chetu

Mwezi wa 10, 2025, aunsi moja ya zahabu ilipita dolari 4,000 kwa mara ya kwanza. Aunsi ni gramu 31 na kidogo, kwa hiyo gramu moja safi ilifika karibu dolari 128 kwenye soko la dunia. Mwisho wa mwaka 2015 gramu hiyohiyo ilikuwa dolari 34. Kiasi gani cha bei hiyo kinafika kwenye mizani ya negosia, kila mmoja wetu anajua mwenyewe. Si hayo tunataka kuzungumza leo.

Leo tunazungumza juu ya wageni. Bei ikipanda, vilima vinapata wageni: kijana na GPS yake, mwanafunzi na karatasi za maswali, injinia anayepima maji ya mto, mtu wa makuta anayeuliza tuko wangapi na tunatoa gramu ngapi kwa juma. Wanajaza mifuko ya mawe, wanashukuru, wanapanda pikipiki, wanaenda. Jibu halirudi. Ndiyo maana wenzetu wengi, Kabambare na Kasongo, wamechagua kuwadanganya watafiti ao kuwafukuza kabisa.

Sisi wa sendika tunaielewa hasira hiyo. Lakini tunasema ni kosa, na kosa lenyewe linaweza kutugharimu kilima. Tuanze na sheria.

Kifungu ambacho wachache wamekisoma

Wengi wanafikiri ZEA, eneo la wachimbaji wa mikono, inatoka kwa roho nzuri ya waziri. Hapana. Kifungu cha 109 cha Code minier, ile ya 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, kinasema ZEA inatolewa mahali ambapo hali ya ufundi na ya uchumi ya jiwe hairuhusu uchimbaji wa kiwanda, lakini inaruhusu uchimbaji wa mikono.

Soma tena pole pole. Jiwe, ufundi, uchumi. Kumbe sheria yenyewe inaomba elimu tatu zikae pamoja: mjiolojia aseme kuna nini chini, injinia aseme kinatoka namna gani, mtu wa fedha aseme kama hesabu inalipa. Bila watu hao watatu, ZEA haina mguu wa kusimamia.

Sasa angalia bei inafanya nini. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kilima kina nusu gramu ndani ya tani moja ya jiwe. Kampuni inatumia dolari 30 kuchimba na kusafisha tani hiyo. Gramu ikiwa dolari 34, nusu gramu ni dolari 17: hasara, kampuni inakuachia kilima. Gramu ikiwa dolari 128, nusu gramu ni dolari 64: faida, kampuni inakitaka. Jiwe ni lilelile, mlima haukutembea. Kilichotembea ni bei, na pamoja nayo ule mpaka wa kifungu cha 109.

Na kifungu kinachofuata, cha 110, kinaruhusu Leta kufunga ZEA kama sababu zilizoifanya itolewe zimekwisha, ao kama kumegunduliwa mali inayohitaji uchimbaji mkubwa. Hapo wachimbaji wanatakiwa kuondoka. Lakini sheria imeacha mlango: waliojiunga pamoja wanaweza kuomba permi ya mgodi mdogo. Mlango huo una kufuli, maana ukiomba permi utaulizwa ushahidi wa mali iliyo chini, mpango wa kazi, na makuta yatatoka wapi. Tena ni elimu zilezile tatu.

Kwa hiyo wanaoogopa kwamba utafiti unaweza kutufukuza, hofu yao ina ukweli. Lakini kukimbia utafiti hakuuzuii. Utafanyika tu, kutoka juu kwa ndege na satelaiti, ao kwa kununua habari kwa mtu mmoja mwenye njaa. Tofauti ni nani atakuwa nao mkononi siku waziri atakapouliza.

Namoya: somo lililo nyumbani kwetu

Hatuhitaji kwenda mbali kwa mfano. Namoya, pale Salamabila, ni mwisho wa kusini wa mkanda wa zahabu wa kilomita 210 unaoanzia Twangiza, Kivu ya Kusini. Mwendamboko, Kakula, Muviringu, Seketi: majina ya vilima hivyo yameandikwa kwenye ripoti nene zinazosomwa Toronto.

Ripoti hizo zina historia yake. Mwaka 1997 kampuni moja ya Kanada, Bre-X, ilianguka kwa aibu. Ilikuwa imetangaza zahabu nyingi ajabu huko Busang, Indonesia, kumbe sampuli za mawe zilikuwa zimeongezewa zahabu kutoka nje. Watu walipoteza mabilioni. Tangu 2001 Kanada inadai kampuni za madini zilizo kwenye soko lake la hisa zitoe ripoti iliyosimamiwa na mtaalamu anayejulikana: jiwe, kiwanda na hesabu, vyote mahali pamoja. Kwa hiyo utafiti unaounganisha elimu tatu juu ya ardhi ya Kabambare upo tayari. Uliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtu anayenunua hisa. Mtu anayelala juu ya zahabu hiyo hakuandikiwa kitu.

Na hata huyo mnunuzi hakuokolewa. Mwaka 2012 Banro, kampuni iliyokuwa na Namoya na Twangiza, ilikopa dolari milioni 175 kwa faida ya 10% kwa mwaka, deni la kulipwa Machi 2017. Faida peke yake ni milioni 17 na nusu kila mwaka, mvua inyeshe ao isinyeshe. Namoya ilipangwa kutumia njia ya lundo: mawe yaliyosagwa yanapangwa kama kilima, maji ya sianidi yanamwagiwa juu, yanashuka polepole yakiyeyusha zahabu, yanakusanywa chini.

Kitu kimoja kinaiharibu njia hiyo: vumbi laini na udongo. Vikizidi, maji hayapiti. Mama yeyote anayetwanga jiwe na kuosha mchanga angewaambia hivyo bila diploma. Namoya vumbi lilizidi kuliko walivyotegemea. Ikabidi kubadilisha kiwanda na kuongeza pipa kubwa la kuzungusha, linalobandika vumbi kwenye changarawe. Uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa kuanzia Januari 2016 tu. Wakati huo bei ilikuwa imeshuka na deni lilikuwa halilali. Desemba 2017 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya Kanada juu ya madeni, na 2018 ikatoka kwenye soko la hisa, mikononi mwa waliokuwa wanaidai. Septemba 2019 ilisimamisha kazi juu ya usalama.

Vita na deni vilikuwa na sehemu yao kubwa, hatukatai. Lakini kosa la kwanza lilianza mbali na bunduki: hesabu ya fedha ilifunga tarehe kabla udongo haujamaliza kusema. Mjiolojia anahesabu gramu, injinia anahesabu maji yanavyopita, mtu wa fedha anahesabu siku. Mmoja wao akikosea na wengine hawakumsikia mapema, kosa linateremka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye sahani ya familia.

Kule ng'ambo ya Tanganyika

Wengine watasema: hayo ni mambo ya kampuni kubwa, mchimbaji wa mikono atapata wapi mjiolojia? Tuangalie ng'ambo ya ziwa. Tanzania, shirika la Leta la madini, STAMICO, lilijenga vituo vya mfano kwa wachimbaji wadogo: Lwamgasa kule Geita, Katente kule Bukombe, Itumbi kule Chunya. Mchimbaji anapeleka jiwe lake, linasafishwa kwa njia bora kuliko zebaki na mikono, na anaona kwa macho yake tofauti ya gramu.

Tofauti hiyo ni kubwa. Karai na ubao vinashika zahabu nzito. Ile laini inaondoka na mchanga. Kisha tunauza mchanga ule kwa bei ya takataka, na anayeununua anaupitisha kwenye sianidi na kupata zahabu tuliyoichimba sisi. Huo mchanga ni mshahara wetu tunaomwaga wenyewe kwa kukosa kipimo.

Tanzania si mbinguni, na wachimbaji wa kule wana malalamiko yao. Lakini wameelewa jambo moja: benki haikopeshi shimo, inakopesha karatasi inayoonyesha kilicho ndani ya shimo. Kwetu anayekopesha ni negosia. Anatoa chakula, mapompe na mafuta, na anajilipa kwa bei anayotaka mwenyewe. Hatumtukani, maana bila yeye mashimo mengi yangejaa maji. Lakini mkopo wake ni ghali kwa sababu na yeye anacheza bahati nasibu: hajui kilicho chini, na sisi hatujui.

Watafiti wa kweli wapo

Tusiseme vyuo vimelala. Bukavu, kwenye Chuo Kikuu cha Katoliki, kuna CEGEMI, kituo cha elimu ya usimamizi wa migodi kinachoshirikiana na watafiti wa Antwerpen, Ubelgiji. Antwerpen hukohuko, IPIS imechora ramani ya maelfu ya migodi ya mikono mashariki mwa Kongo. Ni kazi ya heshima.

Shida ni wakati na njia. Mnakumbuka Septemba 2010, Rais alipofunga uchimbaji wa mikono Maniema na Kivu zote mbili mpaka Machi 2011. Mwaka uleule, mwezi wa 7, Amerika ilikuwa imepitisha sheria yake juu ya madini ya vita. Mwaka 2016 wachumi watatu, Parker, Foltz na Elsea, walichapisha utafiti uliounganisha ramani ya migodi na takwimu za afya ya familia. Waliona kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwenye vijiji vilivyo karibu na migodi iliyolengwa na sera ile. Mama zetu walilijua jambo hilo 2011. Lilipoandikwa kwenye jarida la chuo, watoto walikuwa wameshazikwa miaka mitano.

Utafiti unaokuja nyuma ya mazishi ni ushahidi mzuri, lakini hauponyeshi mtu. Tunataka ule unaokuja mbele.

Tunachodai

Kwanza, Leta kupitia Service géologique national du Congo na vyuo vyetu wafanye utafiti mmoja wa pamoja kwa kila ZEA iliyopo ao inayoombwa Kasongo na Kabambare. Wasitume mjiolojia mwaka huu na mtu wa fedha mwaka kesho. Waje pamoja, wakae meza moja, na mchimbaji mwenye uzoefu akae nao, maana yeye ndiye anajua jiwe linabadilika rangi kwenye mita ngapi.

Pili, injinia asije kupima zahabu tu. Apime ukuta wa shimo, hewa, maji, na moshi wa zebaki unaovutwa na watoto wakati tunachoma ndani ya nyumba. Kanuni inatukataza kupita mita 30 kwenda chini. Tunapita, kila mtu anajua. Atuambie ni mbao za namna gani na pompe gani zitatuachia kutoka wazima, ao atuambie wazi kwamba shimo hilo lifungwe.

Tatu, kooperative ipewe nakala ya matokeo, na yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote, pamoja na mama wanaotwanga. Yakisomwa kwa mkubwa mmoja ofisini, yatauzwa kabla jua halijazama.

Na sisi wenyewe tuko na kazi. Mgeni akija na mfuko wa sampuli, tusimdanganye na tusimfukuze. Tumuulize mbele ya mashahidi: umetumwa na nani, nani anakulipa, matokeo yatarudi lini, na kwa lugha gani? Tuandike majibu kwenye daftari ya kooperative, na tarehe, na aweke saini. Asiyeweza kujibu maswali manne, mawe yake abakishe. Anayejibu, tumwonyeshe shimo mpaka mwisho, na tumwambie ukweli wa gramu.

Bei ya leo haitakaa milele. Ikishuka, wageni watapungua tena na kilima kitabaki na sisi. Lakini kama wakati wa bei kubwa umepita na karatasi ya kilima iko mikononi mwa mtu mwingine, tutakuwa tumebaki juu ya kilima kama wageni.