Binti Anapochagua Mifupa



Juma lililopita tulikaa na familia moja ya mtaani kwetu. Binti yao yuko mwaka wa tano wa udaktari, na amewaeleza wazee wake kwamba anataka kuwa mpasuaji wa mifupa. Mama alinyamaza. Shangazi ndiye aliyesema: "Mwanangu, kwa nini usichukue watoto, au uzazi? Mifupa ni kazi ya wanaume wenye misuli."

Hoja ya misuli haitushawishi. Bega lililoteguka hurejeshwa kwa dawa ya kulegeza misuli, kwa kulivuta upande ulio sawa na kwa subira. Atumiaye ubavu peke yake aweza kuuvunja mfupa aliokuja kuutibu. Na bibi zetu wanapoteleza chooni wakavunjika nyonga, wangependa nani awafunue mapaja?

Lililo zito ni muda. Shangazi hakuutaja, ila macho ya mama yaliutaja. Marekani, mwanafunzi huomba nafasi ya ubingwa akiwa bado mwaka wa mwisho chuoni. Kwetu sivyo: amalize shahada, atumikie mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, asajiliwe, ndipo aombe. Njia moja ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu. Nyingine ni COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoasisiwa 1999, ambacho humfunza daktari ndani ya hospitali zilizoidhinishwa: miaka 2 ya misingi ya upasuaji na mtihani wake, kisha miaka 3 ya mifupa. Hesabu hiyo huangukia pale pale posa zinapokuja. Kwa maoni yetu, posa isikataliwe wala masomo yasifichwe. Mchumba aambiwe mapema kuwa kutakuwa na zamu za usiku, na jibu lake lisikizwe vyema.

Binti alikuwa na maswali yake, nasi tulifurahi kuyasikia. Kabla ya upasuaji mikono huoshwa hadi viwikoni, je, stara? Tulimshauri amwendee mapema muuguzi msimamizi wa chumba cha upasuaji: zipo kofia zifunikazo kichwa na shingo, na baada ya kunawa huvaliwa joho safi la mikono mirefu. Je, eksirei zinazopigwa katikati ya upasuaji, naye akiwa mjamzito? Awaarifu wakubwa wake mapema, avae aproni ya risasi, asimame mbali na mashine.

Na asingoje kufuzu. Aombe kuingia upasuaji kupita zamu aliyopangiwa, ajifunze kufunga plasta hadi mwalimu amwachie mwenyewe, aandike kila alichokishuhudia na tarehe yake, bila majina ya wagonjwa. Siku ya kuomba atatakiwa kuleta wadhamini, na barua ya mpasuaji aliyemwona akifanya kazi saa nane za usiku ina uzito kuliko ya mkubwa asiyemkumbuka hata jina.

Mwishowe mama alinena. "Na karo?" Tulimjibu kwamba wapo wanaosoma kwa ruhusa ya mwajiri huku wakipokea mshahara, na wapo wanaojilipia; haya huulizwa kabla ya kujaza fomu.

Baba, aliyekuwa kimya tangu magharibi, alimwomba binti yake amwandikie hesabu yote kwenye karatasi, mwaka kwa mwaka.